Ndoa Batilifu Si Ndoa Batili

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Msamiati uliokuwa wa mawakili sasa unamfikia mwananchi mwenyewe, na mojawapo ya maneno hayo ni batilifu. Wengi hulichukulia kuwa ni batili lililotiwa chumvi. Kosa hilo linaweza kumgharimu mtu ndoa ya pili.

Ndoa batili haipo kisheria, hata kama watu walicheza ngoma hadi asubuhi na picha zipo ukutani. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazitaja: ndoa ya ndugu waliokatazwa kuoana, ya mwanamke ambaye bado ana mume, ya mtu ambaye hakuridhia kwa hiari yake, ya mkataba wa muda, na nyinginezo.

Batilifu ni habari tofauti. Hiyo ni ndoa halali yenye dosari inayompa mwanandoa nafasi ya kuiomba mahakama iibatilishe. Asipoomba, inabaki halali. Dosari zenyewe zimo katika kifungu cha 39: mmoja hawezi tendo la ndoa, au analikataa kwa makusudi, siku ya kufunga ndoa mmoja alikuwa na ugonjwa wa zinaa unaoambukiza, bibi harusi alikuwa na mimba ya mwanamume mwingine, mmoja alikuwa na vipindi vya kichaa au kifafa. (Kifafa kuwekwa humo ni mabaki ya fikra za zamani, kwa maoni yangu.)

Chukua suala la mimba. Mume akigundua, wazee wa barazani watamwambia hana mke, ajiondokee. Si kweli: mke anaye mpaka mahakama itamke vinginevyo. Ili asikilizwe, lazima siku ya ndoa awe hakujua, afungue shauri ndani ya mwaka 1, na tangu agundue asiwe amelala na mkewe kwa hiari. Mwaka huo unahesabiwa tangu siku ya ndoa, wala si siku ya kugundua. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wajomba wanaitwa, kikao kinaahirishwa, kingine kinapangwa baada ya mavuno, na muda unakatika.

Hatari kubwa zaidi ni ya mke anayeondoka kimyakimya kwa mume asiyeweza tendo la ndoa, kisha akaolewa kwingine. Kwa kuwa ndoa ya kwanza bado ipo, ya pili ndiyo inayokuwa batili. Na wale wanaohofia watoto wajue kwamba ndoa batilifu ikibatilishwa, watoto waliozaliwa ndani yake hawapotezi uhalali wao.

Neno hili lipo pia kwenye mikataba. Aliyetia saini kwa kutishwa au kulaghaiwa ana mkataba batilifu: anaweza kuukataa au kuuendeleza, na uamuzi ni wake, si wa aliyemlaghai. Mkataba wa kuuza bangi, huo ni batili moja kwa moja.

Kwa hiyo ukiliona neno batilifu kwenye hati yako, usijihesabu huru. Tazama tarehe ya ndoa, kisha nenda mahakamani mapema. Hata Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa.