Masimulizi Yasiyo na Kituo: Video Fupi na Afya ya Akili ya Mwanachuo

Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Machakos hujilaza saa nne usiku, simu mkononi, akinuia kutazama video moja tu. Anaposhtuka ni saa nane, na mhadhara ni saa moja asubuhi. Hali hii si ngeni kwetu. Ripoti ya Taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 iliiweka Kenya miongoni mwa nchi zilizoongoza kwa matumizi ya TikTok. Makala hii inashikilia kuwa mwanafunzi huyu si mvivu, bali amenaswa na masimulizi yasiyo na kituo.

Dhana ya kituo

Katika shairi la tarbia, mshororo wa nne huitwa kituo. Hapo msomaji hupumua. Ngano nayo hufungwa kwa fomyula ya kumalizia, na kitendawili hukoma jibu linapopatikana. Video fupi hazina mpaka huo. Mwaka 2006, Aza Raskin alibuni ukurasa unaoendelea kujifungua bila mwisho. Baadaye alikiri kuujutia uvumbuzi huo. Aidha, mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwamba mnyama anayetuzwa kwa nyakati asizoweza kuzitabiri hukawia sana kuacha kutafuta tuzo. Kidole chetu hufuata kanuni iyo hiyo: video nne huchosha, ya tano huchekesha, nasi twaendelea.

Athari na tahadhari

Hasara ya kwanza ni usingizi. Anayekosa usingizi hupungukiwa na umakinifu, hukasirika upesi, na huzuni humwelemea kwa urahisi. Hata hivyo, tusiharakishe kuhukumu. Mara nyingine huzuni ndiyo hutangulia: karo haijalipwa, kuna msiba nyumbani, au mtihani umeanguka, mwanafunzi hukimbilia video asiyakumbuke hayo. Hata neno “uraibu” tulitumie kwa uangalifu. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unatambua uraibu wa michezo ya kidijitali, lakini hautaji utazamaji wa video fupi. Kwa hiyo, badala ya kumkaripia mwenzetu, tumwulize: unakimbia nini?

Hitimisho

Wahenga walisema hakuna refu lisilo na ncha. Hili la simu halina ncha ila ile tutakayoichonga wenyewe. Simu ilale mbali na kitanda. Video zihesabiwe kabla ya kuanza, si baada. Na huzuni ikidumu kwa majuma mawili, mwanafunzi amwone mshauri nasaha wa chuo. Kufanya hivyo si aibu.

Maswali ya kujadili

1. Linganisha fomyula ya kumalizia ya ngano na namna video fupi zinavyofuatana.
2. Je, kumwita mwenzako “mraibu” kunamsaidia au kunamnyamazisha? Jadili.