Uhud: Ushindi Ulipogeuka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, hekaya nyingi tulizosimuliwa utotoni huishia namna moja: mtu amekaribia kupata, mkono umeshanyooshwa, ghafla anakosa. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Qur'ani nayo inasimulia mageuko kama haya, lakini si kwa ajili ya kutushangaza tu. Inatuonesha yanapoanzia, na kinachofuata baada yake.

Tazama Sura Al-Qalam, aya ya 17 hadi 32. Wenye bustani waliapa kuvuna asubuhi mapema, wala hawakusema insha Allah. Usiku, wakiwa wamelala, bustani ikateketea. Asubuhi wakatoka wakinong'onezana kwamba siku hiyo masikini asiingie. Sisi wasomaji tunajua kuwa hakuna tena cha kuvuna, wao bado wanatembea kwa uhakika. Walipofika, kwanza walidhani wamepotea njia.

Sasa tuje Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale 50 kilimani chini ya Abdullah bin Jubayr (r.a.), akawaamuru wasiondoke, Waislamu washinde au washindwe. Maquraishi wakaanza kukimbia. Wengi wa wapiga mishale wakaona kazi imekwisha, wakateremka kufuata ngawira. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa hajasilimu, akazunguka na wapanda farasi na kuwashambulia Waislamu kwa nyuma. Waislamu wapatao 70 wakafa mashahidi, akiwemo Hamza (r.a.), ami yake Mtume.

Sura Aal Imran, aya ya 152, inataja sababu: walilegea, wakazozana juu ya amri, wakaasi baada ya kuoneshwa wanachokipenda. Yaani mtihani wao mkubwa ulikuja pale ushindi ulipoonekana.

La kwanza tunalojifunza: tujichunge zaidi mambo yanapotunyookea. Wako miongoni mwetu wasiokosa Alfajiri wiki za mitihani, matokeo mazuri yakitoka, safu ya msikitini inapungua. Huko ndiko kuteremka kilimani.

La pili: Abdullah bin Jubayr na wachache waliobaki naye walitii, na bado waliuawa. Kwa hiyo hasara ya mtu si ushahidi wa dhambi yake. Mwenzetu akirudia somo au akikosa ufadhili, tusiseme moyoni kwamba amejitakia. Huenda yeye ndiye aliyebaki kilimani.

La tatu: hekaya nyingi humalizikia kwenye anguko, lakini Qur'ani inaendelea. Wenye bustani walikiri kosa lao na kumtaraji Mola wao. Aya ile ile ya 152 inataja kuwa Allah amewasamehe watu wa Uhud, na aya ya 159 inamwamuru Mtume awasamehe, awaombee msamaha na ashauriane nao. Waliokosea walirudishwa kwenye shura. Je, sisi katika jumuiya yetu tunampa nafasi hiyo ndugu aliyeteleza?

Tunamuomba Allah atuthibitishe wakati wa kupata kama wakati wa kukosa, na atufungulie mlango wa toba. Amin.