Dondoo Muhimu: Kupeana Taarifa za Mazoezi

Taarifa za mazoezi huwafaa wanachama wa klabu ya mbio za pole zinapokuwa za kweli. Hivyo kila mwanachama azingatie yafuatayo:

1. Aandike umbali na muda siku ileile, kwani kumbukumbu ya wiki nzima huongezewa chumvi.
2. Ajilinganishe na rekodi yake ya mwezi uliopita, si na mwenzake aliyemtangulia kuanza.
3. Atofautishe maumivu ya kawaida ya misuli, yanayofikia kilele saa 24 hadi 72 baada ya zoezi, na maumivu makali ya kiungo, ambayo humlazimu kusimama na kumwona daktari.
4. Ataje siku alizokosa bila haya, ili wenzake wamsaidie kurejea taratibu.
5. Asimpe mwenzake dawa wala ratiba yake kabla ya kumuuliza umri na maradhi aliyonayo.