Mashine ya Boti Ikizimika Ziwani

Ndugu wanafunzi, nanyi wenzangu mliokwisha kuiacha shule zamani,

Kazi yangu ni kuendesha boti na kutengeneza mashine zake katika Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Leo nataka kuwaeleza habari za umeme wa mashine hizo, kwa kuwa ndio ulioniaibisha mbele ya watu.

Mwezi wa Julai, mwaka wa 2011, tulitoka Kazimia kwenda Baraka, watu 9 na magunia ya unga wa muhogo. Tulipokuwa nje ya rasi ya Ubwari mashine ikazimika ghafula. Upepo wa kusini-mashariki, ambao wakati wa kiangazi huvuma kwa nguvu, ukaanza kutusukuma kwenye mawe. Nikatupa nanga, kamba ikaisha, nanga haikugusa chini. Ziwa hili lina kina cha meta 1,470 hivi mahali palipozidi, na pengi hushuka ghafula hata karibu na ufuko. Abiria wakashika makasia.

Mimi nikafungua kabureta. Nikaisafisha, nikaifunga, nikavuta kamba mpaka mkono ukafa ganzi. Mjomba wangu, aliyekuwa nahodha kabla yangu, akaniuliza, “Ilikohoa kabla ya kuzimika?”

“Hapana, mjomba. Ilikatika tu.”

“Basi mpwa wangu, mbona wahangaika na petroli?”

Hapo ndipo penyewe. Mashine inayokosa petroli kwa kawaida hudhoofika, hukohoa, ikafufuka kidogo, ndipo ife. Inayokatika mara moja kama taa iliyopulizwa, tafuta umeme kwanza. Nikazifungua plagi zote mbili: zimelowa petroli. Maana yake petroli inafika, cheche haipo.

Ukitaka kuona cheche, rudisha plagi katika kofia ya waya wake, uegemeze chuma chake juu ya chuma cha mashine, mbali na tundu lake kwa maana mvuke wa petroli hulipuka. Usiishike kwa mkono mtupu. Ninaye rafiki aliyefanya hivyo, akaangusha plagi ziwani. Mwenzako avute kamba. Cheche nzuri ni ya buluu, nayo hulia. Ikiwa nyekundu na dhaifu, safisha plagi au weka mpya.

Zetu zote mbili hazikutoa kitu. Sasa fikirini kidogo. Mashine ndogo ya kamba haihitaji betri: sumaku zilizo katika gurudumu la juu hupita karibu na koili, na umeme huzaliwa hapo. Plagi moja ikifa, mashine ya silinda mbili huchechemea. Plagi mbili haziharibiki kwa dakika moja. Basi kosa liko mahali zinaposhirikiana. Nalo mara nyingi ni swichi ya kuzimia, ile yenye kamba ya kufunga mkononi mwa nahodha. Swichi hiyo haikati umeme, bali huupeleka katika chuma cha mashine, na cheche hufa. Kwa hiyo waya wake ukichubuka na kugusa chuma, ni kama mtu ameibonyeza bila kuiacha.

Nikaufungua waya huo. Mjomba akavuta, cheche ikaruka. Tukaufuata kwa vidole, tukakuta umechubuka pale usukani unapogeukia. Tukaukausha na kuuzungushia kipande cha mpira wa baiskeli, tukaurudisha. Msiuache umefunguliwa na kuendelea na safari: mashine haitazimika kwa swichi, na nahodha akianguka majini boti itakwenda zake.

Mashine kubwa zenye kuwashwa kwa betri zina maradhi yake. Ukisikia “tik” bila kuzunguka, usikimbilie kununua betri. Kwangu mara nyingi ni kutu ya kijani kwenye vichwa vya betri. Piga msasa, kaza, paka grisi. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika hupima 12.6 hivi, ikipima 12 imekwisha karibu yote. Fyuzi ikiungua, msiweke karatasi ya sigara. Nimeona waya ulioyeyuka kwa ajili hiyo, tena ndani ya boti yenye madumu ya petroli.

Mashine yetu iliwaka kwa mvuto wa pili. Mawe yalikuwa karibu kiasi cha kuwaona ndege waliotua juu yake. Tulifika Baraka usiku, unga wa juu umelowa, na mwenye unga hakunilipa nauli.