KAZI YA UUGUZI NCHI ZA MBALI: TWENDE AU TUBAKI?



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa Afya hatutazungumzia malaria wala kuhara. Tungependa kuzungumzia jambo linalozinyima usingizi familia nyingi, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju. Muuguzi wa nyumbani amepata kazi aliyoitamani tangu akiwa mwanafunzi, lakini kazi hiyo iko mbali. Je, aende au abaki?

Pengine mtauliza, hilo linahusianaje na afya? Linahusiana sana. Uamuzi wa namna hii hugusa usingizi, chakula, ndoa, malezi ya watoto na matunzo ya wazee. Ukifanywa kwa pupa huleta maradhi, na ukifanywa kwa utaratibu waweza kuinua familia nzima.

Tuchukue mfano

Tumfikirie mama mmoja muuguzi anayeishi Mbagala. Mumewe ni fundi seremala Keko. Wana watoto wawili, wa kwanza ana miaka 9 na wa pili ana miezi 14, bado ananyonya. Mama mkwe anaishi nao naye ana ugonjwa wa presha. Huyu mama amefanya kazi ya wodini miaka kumi, na tangu chuoni alitamani kuhudumia wagonjwa mahututi katika hospitali yenye vifaa vyote. Sasa rafiki yake aliyeko ng'ambo amemwambia kuna nafasi. Mshahara ni mara nyingi ya ule anaoupata, na mkataba ni wa miaka miwili.

Mume anasema, "Nenda, tutajenga." Mama mkwe ananyamaza. Mtoto mkubwa anauliza kama mama atakuwepo siku ya Komunyo yake. Na mama mwenyewe, akitoka zamu ya usiku, hapati usingizi. Kwa kweli hakuna mbaya hata mmoja katika nyumba hii. Kila mmoja ana haki, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Waliotutangulia

Kusafiri mbali kwa ajili ya uuguzi si jambo geni, na nchi yetu yenyewe iliwahi kunufaika nalo. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza walirudi kwao na wodi zikabaki na pengo. Uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere uliomba msaada kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini, na kwa mipango aliyoshiriki Oliver Tambo, wauguzi 20 Waafrika kutoka nchi hiyo walikuja kufanya kazi katika hospitali zetu. Wazazi na babu zetu wengi walihudumiwa na mikono yao.

Lakini tutazame gharama yake. Hao akina dada waliondoka kwao kwa siri, kwa kuwa serikali ya makaburu isingewaruhusu. Walipokwisha kuondoka, njia ya kurudi ilifungwa. Ilibidi wangoje mpaka utawala wa ubaguzi ulipoanza kulegea mwaka 1990, yaani karibu miaka 30. Walifanya kazi ya maana mno, na wakati huohuo walikosa misiba na harusi za kwao. Mambo yote mawili ni kweli, wala moja halifuti lingine.

Kutokana na habari hiyo tunajifunza kwamba anayekwenda mbali aulize kwanza njia ya kurudi. Siku hizi ndege zipo, lakini njia ya kurudi yaweza kufungwa kwa namna nyingine: deni la wakala, mkataba usiotoa likizo, pasipoti iliyoshikwa na mwajiri, au kazi ya hapa nyumbani iliyoachwa bila kuaga.

Swali la kwanza: Je, kazi yenyewe ni ya kweli?

Ndoto nzuri huvutia matapeli. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, tuchunguze mambo haya:

1. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni kuhusu kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi hao, na Tanzania imo. Uingereza inaifuata orodha hiyo. Mwajiri au wakala wake haruhusiwi kuja hapa kukusanya wauguzi, ingawa muuguzi mwenyewe hakatazwi kuomba kazi moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akipita mtaani akisema ametumwa na hospitali za Uingereza kuandikisha wauguzi, tushtuke. Wenzetu wa Kenya waliingia makubaliano maalumu na Uingereza mwaka 2021, basi tusidhani kwamba njia aliyopita rafiki wa Nairobi ndiyo yetu pia.

2. Wapo wanaouza nafasi za kulea wazee Uingereza. Tangu Julai 2025 nchi hiyo imefunga viza ya kazi hiyo kwa waombaji wapya walio nje. Anayeiuza leo anauza hewa.

3. Kila nchi ina mitihani yake. Uingereza hudai mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo unaofanyikia hukohuko. Marekani ina mtihani uitwao NCLEX. Ujerumani hudai Kijerumani cha kutosha kuzungumza na mgonjwa na kuandika taarifa zake. Saudi Arabia huhakiki vyeti na kutoa mtihani wa kompyuta. Anayesema mitihani haihitajiki, ama ni mwongo ama anakupeleka kwenye kazi nyingine.

4. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndilo linalothibitisha kwa nchi za nje kwamba muuguzi amesajiliwa na ana leseni halali. Na wakala wa ajira lazima awe na kibali cha serikali. Tukaulize ofisi ya kazi au huduma za ajira za serikali, TaESA, kabla ya kusaini.

5. Mkataba usomwe nyumbani, polepole, na mtu wa tatu anayeelewa lugha yake. Tutafute humo cheo: ni muuguzi au ni mtumishi wa ndani? Saa za kazi ni ngapi? Nani analipa nyumba na nauli ya kurudi? Akiugua itakuwaje? Akivunja mkataba atadaiwa nini?

6. Aliye mtumishi wa umma asiondoke kimyakimya. Amwone mwajiri wake, aulize kuhusu likizo bila malipo na michango yake ya pensheni. Kuondoka bila ruhusa ni utoro, na ni kujifungia mlango wa kurudia.

Swali la pili: Anamwacha nani, na katika hali gani?

Mtoto mchanga. Mtoto huhitaji maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, kisha pamoja na vyakula vingine mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Mtoto wa miezi 14 bado yumo katika kipindi hicho, na ndicho kipindi ambacho hushikamana sana na anayemlea. Ikiwa lazima mama aondoke, anayebaki ajulikane mapema na aanze kumlea wakati mama angali nyumbani. Kumbadilishia walezi kila baada ya miezi michache humwumiza zaidi ya safari yenyewe.

Mtoto wa shule. Huyu aambiwe ukweli. Tusimwambie "mama anakwenda dukani" kisha akaamka hayupo. Tumweleze anakwenda wapi, kwa nini na atarudi lini. Baadaye tuangalie dalili za huzuni: kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kulalamika tumbo kila asubuhi, kushuka darasani, ukali usio wa kawaida au ukimya. Mtoto mkimya sana siyo lazima awe "amezoea".

Kijana. Binti mkubwa asigeuzwe mama wa nyumba. Akipika, akifua na kulea mdogo wake kila siku, masomo yake ndiyo yatakayolipia safari.

Mzee. Muuguzi wa nyumbani ndiye mara nyingi anayepima presha na kukumbusha dawa. Akiondoka, kazi hiyo apewe mtu kwa jina. "Tutaangalia" siyo jibu. Siku za kliniki ziandikwe ukutani.

Mume au mke. Miaka miwili ni mirefu. Wazungumze bila kuoneana haya kuhusu uaminifu, kuhusu fedha zitakazotumwa zitatunzwa na nani, na kuhusu simu. Hapa saa nazo zina maana. Saudi Arabia saa yao ni sawa na yetu. Uingereza wako nyuma yetu kwa saa 2 au 3 kulingana na majira. New York wako nyuma kwa saa 7 au 8, hivyo mama akitoka kazini jioni, watoto huku wamelala zamani.

Swali la tatu: Je, afya ya anayekwenda inaruhusu?

Nchi nyingi hudai vipimo. Mtanzania anayeomba viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu, na nchi za Ghuba hupima pia virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Tupime mapema hapahapa, ili tusije tukapata habari baada ya kuuza kiwanja. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni muhimu kwa kila muuguzi, aende au abaki.

Katika nchi za baridi, jua la miezi ya kipupwe ni hafifu, na ngozi yetu nyeusi hupata vitamini D kidogo. Serikali ya Uingereza hushauri watu watumie vidonge vya mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kuvitumia mwaka mzima.

Kubwa zaidi ni upweke. Mtu akikosa usingizi, hamu ya kula na furaha kwa zaidi ya wiki mbili, akajiona hana thamani au akatamani kufa, huo si uvivu wala ukosefu wa imani. Ni ugonjwa wa sonona, unatibika, na amwone daktari upesi. Sisi tuliobaki tusimpigie simu kwa ajili ya fedha tu. Tumwulize pia kama amekula.

Mbali si ng'ambo tu

Tukumbuke kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya kati ni zaidi ya kilometa 1,200. Zipo zahanati na vituo mikoani ambako muuguzi mmoja hubeba kazi za watu kadhaa. Mwingine ndoto yake ya kuwa mkunga hodari aweza kuitimiza Ndanda, Peramiho au Bugando, na akarudi nyumbani kwa basi msiba ukitokea. Tusiipime kazi kwa umbali wa ndege.

Namna ya kuamua

Tumrudie yule mama wa Mbagala. Familia yake yaweza kuketi na kufanya hivi: mama aanze masomo ya lugha na mtihani sasa, kwa kuwa hayo hayamlazimu kuondoka. Safari ingoje mpaka mtoto atimize miaka 2. Bibi na shangazi wakubaliane malezi. Nauli ya kurudi iwekwe benki kwanza, isiguswe. Na ipangwe siku, miezi 6 baada ya kuondoka, ya kuulizana upya kama mpango unafaa. Nafasi ya sasa yaweza kupotea, na itamwuma. Lakini ujuzi wake hautapotea.

Familia nyingine, yenye watoto wakubwa na wasaidizi wengi, yaweza kusema "nenda" leo, nayo isiwe imekosea. Hali kadhalika, anayebaki asiitwe mwoga, wala anayekwenda asiitwe mwenye tamaa.

Ya kujadiliana nyumbani na katika Jumuiya

1. Ndoto hii ni ya muuguzi mwenyewe, au ni ya sisi tunaotarajia kutumiwa fedha?
2. Akitaka kurudi baada ya miezi mitatu, ataweza? Nasi tutampokea bila kumcheka?
3. Katika mtaa wetu kuna watoto au wazee walioachwa na ndugu aliye mbali? Nani amewatembelea mwezi huu?