Kabla ya Kumuuliza Mwalimu, Pima

Mwanafunzi wa Kilangali, wilayani Kilosa, ana bahati ambayo mwenzake wa Kariakoo hana. Usiku anga lote ni lake, na mchana jua hupita juu ya majaruba ya mpunga bila ghorofa ya kulikinga. Basi maswali hayamwishi. Mbona mwezi mchanga wa kwenye kitabu umesimama na wetu umelala chali? Mbona tunaambiwa jua linafika utosini saa sita, na saa ya simu inakataa? Jua lina ukubwa gani, na aliyelipima alilifikiaje?

Swali la namna hii likipelekwa darasani likiwa bichi, jibu la haraka ni kwamba halipo kwenye silabasi. Mbinu ninayokupa ni kupima kwanza, kisha kuuliza. Swali lenye tarakimu ni gumu kulifukuza.

Mtanzania Erasto Mpemba alilijua hilo kwa njia ngumu. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba Sekondari, Lushoto, aliwahi nafasi kwenye friji akaingiza maziwa yake ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, alijaribu tena kwa maji, kwenye bika mbili za maabara. Siku Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule hiyo, Mpemba alisimama na swali lililonolewa: maji ya ujazo ule ule, haya nyuzi 35, yale nyuzi 100, yote yakaingia kwenye friji, yale ya nyuzi 100 yanawahi kuganda, kwa nini? Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne alirudi Dar akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 makala ya wawili hao ikatoka katika jarida la Physics Education. Swali la Magamba lilikuwa kisa cha aiskrimu. La Mkwawa lilikuwa jaribio ambalo yeyote mwenye friji angeweza kulirudia, na ndiyo maana halikufukuzika.

Tuanze na jua, maana halihitaji kifaa cha dukani. Tafuta chumba chenye bati kuukuu lililotobolewa na misumari. Funga mlango na madirisha mchana wa jua kali, utaona viduara vya mwanga sakafuni. Chunguza tundu lenyewe: huenda limechanika, huenda lina pembe. Lakini kiduara ni cha mviringo, kwa sababu ile ni taswira ya jua, si ya tundu. Madoa ya mwanga chini ya mwembe nayo ni hivyo hivyo. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete na watu wakamiminika Rujewa kule Mbarali, aliyeinamisha macho chini ya mti aliona pete nyingi ndogo ardhini, bila kuhatarisha macho yake. Usilitazame jua lenyewe, hata kwa sekunde moja, wala kwa filamu ya eksirei wala ndani ya beseni la maji. Wengi wanaamini mbinu hizo mbili ni salama, si salama.

Sasa pima. Ziba tundu kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, itoboe kwa sindano, tundu lisizidi milimita 1. Shika karatasi nyeupe iliyobandikwa kwenye ubao, uigeuzegeuze ielekee mwale mpaka kiduara kiache kuwa kama yai. Mwenzako avute tepu ya fundi cherehani kutoka tunduni hadi kwenye karatasi, akifuata mwale. Wewe zungushia kiduara kwa penseli, pima kipenyo, utoe upana wa tundu. Kama umbali ni sentimita 200, kipenyo kitakuwa karibu sentimita 1.9. Gawanya 1.9 kwa 200, utapata 0.0095. Zidisha kwa umbali wa jua, kilomita milioni 150. Jibu ni kilomita 1,425,000. Vitabu vinasema karibu 1,392,000. Kwa sindano na tepu ya kushonea umekosea kwa asilimia pungufu ya 3.

Hapo litazuka swali jingine, na hilo ndilo la kumpelekea mwalimu: zile kilomita milioni 150 nimeziazima kitabuni, wao walizipataje?

Swali la saa sita linahitaji fimbo ya mita moja. Isimike mahali tambarare, uinyooshe kwa timazi, hata jiwe lililofungwa uzi linatosha. Kuanzia saa 6 mchana hadi saa 7:15, weka kijiti kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho mchana wa kweli wa hapo ulipo, na mstari wake unaonyesha kaskazini na kusini. Hautakuwa saa 6 kamili. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye longitudo ya 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu, na Kilosa iko karibu na 37. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Zidisha tofauti ya digrii 8, zinakuja dakika 32. Tena hiyo ni wastani. Katikati ya Februari kivuli kifupi huja karibu saa 6:46, mwanzoni mwa Novemba karibu saa 6:16, kwa kuwa Dunia hailizunguki jua kwa mwendo mmoja mwaka mzima na mhimili wake umeinama.

Usiing'oe fimbo. Mwishoni mwa Juni kivuli cha mchana kitaelekea kusini, karibu sentimita 60. Krismasi ikikaribia kitaelekea kaskazini, sentimita 30 hivi. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, kitapotea kabisa. Kitabu kitakuambia ni Machi 21 na Septemba 23, lakini hizo ni tarehe za Ikweta, na Kilangali iko kusini yake kwa takribani digrii 7.

Kuhusu mwezi sisemi mengi. Upande wake unaong'aa huelekea jua lilikozama. Kwetu jua huzama karibu wima, ndiyo maana mwezi mchanga hulala. Ulaya huzama kwa mshazari, na mchoraji wa kitabu aliuchora wa kwao. Uchore kila mwezi uandamapo uone unavyoegemea kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine.

Ukitaka kurudia la Mpemba, nenda kwa mama anayeuza barafu. Shikamoo kwanza, kisha umwombe kona ndogo ya friza usiku, wakati haifunguliwifunguliwi. Tumia vikombe viwili vya bati vinavyolingana, maji yaliyopimwa, na uviweke juu ya kipande cha ubao. Kikombe cha moto kikikaa juu ya theluji ya friza kitaiyeyusha na kugusana vizuri zaidi na ubaridi, nawe utadhani ni ajabu ya maji. Usiku unaofuata badilisha nafasi zao. Amua mapema, kwa maandishi, maana ya "kuganda": ni ngozi ya kwanza ya barafu, au kikombe kizima? Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao Uingereza, hawakuona ushahidi wa kutegemewa kwamba maji moto huwahi, na walionyesha kuwa kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja kunaweza kupindua matokeo. Wengine wanapinga. Kwa hiyo yale ya baridi yakiwahi, andika hivyo hivyo.

Kisha nenda kwa mwalimu, usimvizie mbele ya darasa. Mngoje nje ya ofisi na daftari lako mkononi: "Shikamoo, mwalimu. Nilipima hivi, nikapata hivi, kitabu kinasema vile. Naomba unionyeshe nilipokosea." Neno hilo la mwisho linampa nafasi ya kufikiri pamoja nawe bila kuona anapimwa yeye. Akisema hajui, mwombe mrudie kipimo pamoja. Na yule mama akikuambia friza imejaa samaki, usimkatalie. Msaidie kwanza kuwauza.