Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani: Jengo Kama Chanzo cha Historia

Malengo ya mada
Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza hatua tatu za ujenzi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa;
(b) kutaja vifaa vya ujenzi na mahali vilikopatikana;
(c) kuhusisha ukuaji wa msikiti na biashara ya dhahabu;
(d) kulitumia jengo kama ushahidi katika kujibu swali la insha.

1. Utangulizi
Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo katika Mkoa wa Lindi. Kwa mtahiniwa wa Geita, Kahama au Shinyanga, mahali hapa ni mbali, na wengi wetu huku tunamaliza shule bila kuiona bahari. Ndiyo maana wengi hukariri jina "Kilwa" na mwaka mmoja au miwili, kisha hukwama swali linapoanza na neno "jadili". Hata hivyo, wewe unayeishi karibu na machimbo unaielewa mada hii kuliko unavyodhani. Umeona jinsi dhahabu inavyobadilisha nyumba za mji. Kilwa ni habari hiyohiyo, ila ya miaka mingi iliyopita.

2. Hatua tatu za ujenzi
Fikiria nyumba ya mtaani kwako. Mtu huanza na chumba na sebule. Akipata fedha huongeza vyumba vya nyuma, na ukuta ukipasuka hubomoa na kujenga upya kwa namna nyingine. Ukitazama viungo vya kuta unajua kipi kilitangulia. Wanaakiolojia hufanya hivyohivyo. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, aliusoma msikiti huu kwa njia hiyo.

Hatua ya kwanza (karne ya 11 au 12): Ulijengwa ukumbi mdogo wa kaskazini. Paa lake lilikuwa bapa, likibebwa na nguzo tisa. Kibla kipo upande wa kaskazini, kwa kuwa ukiwa Kilwa, Makka iko kaskazini.

Hatua ya pili (mwanzo wa karne ya 14): Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliongeza ukumbi mkubwa wa kusini wenye matao na kuba. Nguzo zake zilichongwa kila moja kutoka jiwe moja la matumbawe. Sultani huyu ndiye pia aliyejenga kasri la Husuni Kubwa.

Hatua ya tatu (karne ya 15): Sehemu ya upanuzi ule iliporomoka, ikajengwa upya kwa nguzo za pembe nane zinazobeba matao, kuba na dari za mviringo. Sehemu kubwa ya magofu yanayoonekana leo ni ya hatua hii.

Zingatia: Msikiti huu hauna mnara wala ua wa wazi katikati. Ulipauliwa wote. Katika hili unatofautiana na misikiti mikuu mingi ya kale ya Uarabuni na Uajemi.

3. Vifaa vya ujenzi
(i) Mawe ya matumbawe magumu kwa ajili ya kuta.
(ii) Matumbawe laini yaliyotolewa baharini na kuchongwa yakiwa bado mabichi, kwa sababu yakikauka huwa magumu. Haya yalitumika kwa kibla, nguzo na mapambo.
(iii) Chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe.
(iv) Boriti za mikoko kwa ajili ya paa bapa. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa nafasi kati ya nguzo na nguzo.

Vifaa vyote hivi ni vya pwani yenyewe, na fundi aliyevitumia alilazimika kuijua bahari ya hapo na miti ya hapo.

4. Fedha ilitoka wapi?
Hapa ndipo watahiniwa wa kanda yetu wanapokosea zaidi. Wapo wanaoandika kwamba dhahabu ya Kilwa ilitoka Geita. Si kweli. Uchimbaji wa kibiashara wa Geita ulianza katika miaka ya 1930, enzi ya Waingereza. Dhahabu ya Kilwa ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, kisha ikapanda kwa mashua hadi Kilwa.

Kwa nini Kilwa? Kwa sababu ya pepo za msimu. Jahazi kutoka Uarabuni au India liliweza kufika Kilwa kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Kwenda kusini zaidi kulikuwa na hatari ya kukosa upepo wa kurudia. Kilwa haikuchimba dhahabu. Ilisimama kwenye njia yake na kutoza ushuru. Ushahidi wa uhusiano huu upo: sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco d'Almeida aliupora mji. Dhahabu ya kodi ile ilitengenezewa chombo cha ibada cha Kikristo, kilichokamilika mwaka 1506, ambacho hadi leo kipo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Kilwa, iliyopoteza njia ya biashara, haikuupanua tena msikiti wake kwa kiwango kile.

5. Kulinganisha vyanzo
Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu mji, lakini akasema majengo yake ni ya mbao. Je, alikosea? Si lazima. Majengo ya mawe yalikuwa machache, na watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo ambazo zimeoza. Kumbuka pia kwamba habari zake ziliandikwa miaka mingi baada ya safari. Chanzo kimoja hakitoshi.

Linganisha na maeneo haya:
- Shanga, Kenya: chini ya msikiti wa mawe yalipatikana mabaki ya misikiti midogo ya miti, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8.
- Kizimkazi, Zanzibar: maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107.
- Kaole, karibu na Bagamoyo: misikiti miwili na makaburi ya nguzo.

6. Swali na mwongozo wa jibu
"Msikiti Mkuu wa Kilwa ni ushahidi kwamba pwani iliendelezwa na wageni." Jadili.

Usikubali wala usikatae moja kwa moja. Kwanza, onesha mchango wa nje: dini ya Uislamu, maandishi ya Kiarabu, soko la ng'ambo. Pili, onesha mchango wa ndani: vifaa, mafundi, utaratibu wa kujenga bila ua, na mfano wa Shanga unaoonesha kwamba ujenzi wa mawe ulikua kutoka ule wa miti. Tatu, hitimisha: Uislamu ulipokelewa na jamii iliyokuwepo, nayo ikaujengea kwa mikono yake.

Anayeandika "Waarabu walijenga Kilwa" na kuishia hapo hupoteza alama, na pia huwanyang'anya mababu wa nchi hii kazi yao.

7. Maswali ya kujipima
1. Taja tofauti mbili kati ya ukumbi wa kaskazini na wa kusini.
2. Kwa nini Kilwa ilitajirika bila kuwa na machimbo?
3. UNESCO iliorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyaondoa humo mwaka 2014. Toa sababu tatu za kuyahifadhi.
4. Dhahabu ya Kilwa ilijenga msikiti unaosimama hadi leo. Chagua jengo moja la umma katika wilaya yako na ueleze linavyoweza kumsaidia mwanahistoria wa baadaye kujua habari za dhahabu au almasi ya kanda yetu.